Lost Lantern: wanauza wiski wasiyopika, na jina la mpikaji lipo kwenye lebo

Pale Vergennes, mji mdogo jimbo la Vermont kule kaskazini mashariki mwa Marekani, kuna kampuni inaitwa Lost Lantern. Inauza wiski, tena ya bei mbaya, chupa moja itakutoa dola 80 na nyingine zinavuka 120, halafu mtambo wa kupikia hawana. Wanachofanya ni kuzunguka kwenye viwanda vidogo vya wiski nchi nzima, wanaonja mapipa, wakilipenda pipa wanalinunua, wanajaza kwenye chupa zao wenyewe na kuuza kwa jina la Lost Lantern. Na kwenye lebo wanaandika kiwanda gani kimepika. Hawafichi.

Mtu anaweza kusema sasa hapo ajabu iko wapi, kununua jumla na kuuza rejareja si ndo biashara yenyewe. Ni kweli. Ila kwenye wiski ya Marekani kuandika jina la aliyekupikia ilikuwa ni kitu ambacho wengi walikwepa kwa miaka, na kuna sababu, tena za pesa, sio za heshima.

Tuanzie Uskoti kwanza maana huko ndo hii biashara ilikozaliwa. Cadenhead wapo tangu 1842, Gordon & MacPhail walianza 1895 pale Elgin kama duka la vyakula na vinywaji. Hawa wananunua mapipa kutoka viwanda vya watu, wanayatunza, wanajaza chupa, kwenye lebo panakuwa na jina lao na jina la kiwanda. Uskoti hili liliwezekana kwa sababu wiski nyingi ya kule inaishia kwenye mchanganyiko, zile chapa kubwa unazoziona kila kaunta, kwa hiyo viwanda siku zote vimekuwa vikiuziana na kubadilishana mapipa, na katikati wakawepo madalali. Pipa linazunguka. Mwenye duka Elgin akilitaka analipata.

Usidhani viwanda vilifurahi wote. Vingine havitaki kabisa jina lao lionekane kwenye chupa ya mtu mwingine, wakaja na ujanja wa kijiko: kabla ya kuuza pipa wanatia kidogo sana wiski ya kiwanda kingine humo ndani. Ikishaingia hata kidogo, kisheria sio wiski ya kiwanda kimoja tena, na mnunuzi hawezi kuandika jina. Balvenie iliyotiwa kidogo cha jirani inauzwa sokoni kama Burnside, Glenfiddich inaitwa Wardhead. Wanywaji wanajua, wauzaji wanajua, na lebo inabaki kimya. Mimi huwa nacheka nikiona hizo chupa, yaani watu wazima na maabara zao wanalinda jina kwa kijiko.

Sasa vuka bahari. Marekani utamaduni wa mjazaji huru, yaani anayenunua mapipa ya wengine na kujaza chupa bila kupika, karibu haukuwepo, kilichokuwepo ni kitu kinachofanana nao kwa nje lakini ndani ni kingine. Pale Lawrenceburg, Indiana, kuna kiwanda kikubwa kilichokuwa cha Seagram, tangu 2011 kinamilikiwa na MGP. Kinapika wiski nzuri sana, hasa ile ya rai (rye, nafaka ya jamii ya ngano) asilimia 95 na kimea cha shayiri asilimia 5, na kinaiuza kwa yeyote mwenye hela. Watu wakawa wananunua mzigo wa Indiana, wanatafuta jina, wanachora lebo ya kizamani, wanaweka hadithi ya babu aliyekuwa anapika porini wakati pombe imepigwa marufuku, basi, imekuwa wiski ya kienyeji ya mji wao. Wengine hata kibanda cha kupokea wageni walikuwa nacho.

Kisa kilichofanya hili jipu lipasuke ni Templeton Rye ya Iowa. Walikuwa wanauza kwa hadithi ya mji wa Templeton na mapishi ya enzi za marufuku, jina la jambazi Al Capone likitajwatajwa, kumbe mzigo unatoka Indiana. 2014 wakashtakiwa, kesi ikaisha kwa makubaliano 2015, wanunuzi wakarudishiwa sehemu ya hela zao na lebo ikabidi ibadilike ionyeshe kwamba imepikwa Indiana. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: sheria ilikuwepo siku zote. Kanuni za shirikisho zinasema kama wiski imepikwa jimbo tofauti na lile la anwani iliyo kwenye lebo, lazima jimbo ilikopikwa litajwe. Shida ni kwamba inadai jimbo tu. Jina la kiwanda hakuna anayekulazimisha. Ndo maana ukisoma lebo ya Marekani angalia kama imeandikwa nani *amepika* au nani *amejaza* tu, na pale nyuma kwa maandishi ya kisisimizi uone jimbo gani.

Baada ya hapo wanywaji wakawa machale yanawacheza. Kampuni yoyote isiyo na mtambo ilionekana ni tapeli. Wengine waliokuwa wanafanya kazi nzuri wakaumia kwenye huo mkumbo, mfano Barrell wa Louisville, walioanza 2013, ambao hawajawahi kudanganya kwamba wanapika, wanataja majimbo na wanachanganya kwa ustadi, lakini majina ya viwanda mara nyingi hawayataji kwa sababu mikataba ya ununuzi hairuhusu. Hii ya mikataba ni muhimu, tutarudi.

Katika mazingira hayo ndo wanaingia Adam Polonski na Nora Ganley-Roper. Huyu Adam alikuwa mwandishi wa jarida la Whisky Advocate, Nora alikuwa upande wa mauzo kwenye duka la Astor Wines & Spirits pale New York. Mmoja anajua viwanda, mwingine anajua mteja anauliza nini akishika chupa. Wakaacha kazi, wakazunguka nchi kwa gari kutembelea wapikaji, na Oktoba 2020, korona imepamba moto, wakatoa chupa zao za kwanza. Ukiniuliza mimi, hiyo kazi yao ya zamani ilikuwa ni mtaji mkubwa kuliko hela waliyoanza nayo, maana mwenye kiwanda kidogo hamuuzii pipa mtu asiyemjua kisha amruhusu atumie jina lake. Anamuuzia mtu ambaye alishakaa naye, akaonja naye, akaona hana njaa ya kumharibia.

Chupa iliyonifanya niwafuatilie ni mchanganyiko wao wa kwanza, American Vatted Malt. Wamechukua wiski za kimea kutoka viwanda sita na vyote sita vimetajwa: Balcones wa Waco, Texas, Copperworks wa Seattle, Santa Fe Spirits wa New Mexico, Triple Eight wa kisiwa cha Nantucket, Virginia Distillery Co.; na Westward wa Portland, Oregon. Kilevi asilimia 52.5. Ukiangalia ramani utaona hao watu wamefanya makusudi. Waco ni joto kali, pipa linapumua kwa nguvu, wiski ya miaka michache inatoka nyeusi kama chai ya rangi. Seattle ni baridi na mvua, mambo polepole. Nantucket ni kisiwa, unyevu wa bahari. Santa Fe iko juu, zaidi ya mita 2,000, hewa kavu, na sehemu ya kimea chao wanakikausha kwa moshi wa kuni za mesquite, ambao ni mti wa ukoo mmoja na ule mathenge unaowatesa watu wa Baringo, Kenya. Kule kwetu mathenge ni kesi mahakamani na mbuzi kung'oka meno, kwao ni ladha. Haya bwana.

Kinachofanyika hapo kiufundi kinavutia. Kwenye sehemu kavu kama New Mexico maji yanatoka kwenye mbao haraka kuliko kilevi, kwa hiyo asilimia ya kilevi ndani ya pipa inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Uskoti ni kinyume, inashuka. Kwa hiyo ukiwachanganya mtu wa Texas na mtu wa Seattle unachanganya vitu vilivyozeeka kwa njia tofauti kabisa japokuwa nafaka ni ileile, kimea cha shayiri. Kiwanda kimoja peke yake hakiwezi kukupa hicho kitu hata kikiwa na hela kiasi gani, maana hakiwezi kuhamisha hali ya hewa. Ni mtu asiye na mtambo tu, anayezunguka, anayeweza kukifanya. Hapa ndo naona mjazaji anaongeza kitu, haishii kubandika lebo.

Tuje kwenye hesabu sasa, maana kila anayeona bei ya hizi chupa anasema tunaibiwa. Pipa la kawaida la Marekani ni galoni 53, lita 200 hivi. Kama ni bourbon, sheria inataka mahindi yasipungue asilimia 51, pipa la mwaloni liwe jipya na limeunguzwa ndani, na wiski ikiingia humo isizidi asilimia 62.5 ya kilevi. Kila mwaka kiasi kinapotea hewani, wanaita fungu la malaika. Tuseme unapoteza asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka mitano umebaki na lita 155 hivi, ambazo ni chupa 200 na kidogo za mililita 750, hapo hujahesabu inayonyweshwa mbao na inayobaki chini. Sasa tuseme pipa liko Texas na linapoteza asilimia 10. Miaka mitano ileile, lita 118, chupa 157. Na hawa jamaa pipa mojamoja wanajaza bila kuongeza maji, kwa hiyo hawawezi kunyoosha mzigo. Kampuni kubwa ingelipunguza nguvu mpaka asilimia 40 ambayo ndo kiwango cha chini kisheria na kupata chupa nyingi zaidi toka pipa lilelile.

Halafu ongeza mfumo wao wa ngazi tatu. Tangu marufuku ilipofutwa 1933 majimbo mengi yanataka mzalishaji amuuzie msambazaji, msambazaji amuuzie mwenye duka, mwenye duka ndo akuuzie wewe, kila jimbo na kanuni zake. Tuseme Lost Lantern anaitoa chupa kwa dola 60, msambazaji akiweka asilimia 30 inakuwa 78, duka likiweka 30 nyingine umefika 101. Hakuna aliyekuibia hapo, kila mtu amekula kidogo. Kwa kampuni yenye chupa 157 za pipa moja kuna tatizo jingine, unazigawaje kwenye majimbo? Huwezi kupeleka chupa tatu kila jimbo, msambazaji atakucheka. Ndo maana mauzo ya mtandaoni, pale yanaporuhusiwa, na kile chumba chao cha kuonjea Vergennes vina uzito kuliko mtu anavyodhani. Chupa inayouzwa moja kwa moja pale mlangoni kiasi kikubwa cha ile 101 kinabaki nyumbani.

Mwenye kiwanda naye anapata nini? Hili swali nimeona watu wengi wanaliruka. Kiwanda kidogo cha Iowa au Texas hakina mapipa ya kuchezea, kila pipa kililolaza miaka minne ni hela iliyokaa bila kuzaa, wakati nafaka, mbao na mishahara vyote vililipwa siku ya kwanza. Akija mtu na hela taslimu kwa pipa moja au mawili, hiyo ni nafuu. Pili kuna mapipa matukutu. Unajaza mapipa kumi siku moja, wiski ileile, na moja linatoka na ladha ya peke yake, tamu kupita kiasi au lina viungo vya ajabu, ukilitia kwenye mchanganyiko wako wa kawaida litaharibu ulinganifu, ukilitoa peke yake wateja wako watauliza mbona leo iko hivi. Kwa mjazaji huru hilo ndo pipa analolitafuta. Tatu ni kutangazwa: mtu wa Vermont ambaye asingesikia maishani kuna watu wanaitwa Ironroot Republic kule Denison, Texas, analionja pipa lao kupitia kwa mtu anayemwamini.

Hao Ironroot nao ni kisa, acha nichepuke kidogo. Denison ndiko alikoishi T. V. Munson, yule mtaalamu wa mizabibu ambaye mizizi ya kutoka Texas ilisaidia kuokoa mashamba ya Ufaransa yalipovamiwa na mdudu wa filoksera karne ya 19, na mpaka leo Denison na mji wa Cognac ni miji dada. Wale wapikaji wakachukua jina la mzizi, root kwa Kiingereza. Sasa hadithi kama hiyo ni ya kweli na ni mali ya kiwanda. Mjazaji akificha jina hadithi inakufa, akiliandika hadithi inasafiri na chupa. Yule mnunuzi wa mzigo wa Indiana ambaye alibidi abuni babu wa uongo hakuwa na hadithi kwa sababu alinunua wiski isiyo na kwao.

Ndo narudi kwenye mikataba. Kununua wiski ni kitu kimoja na kununua ruhusa ya kutaja jina ni kitu kingine, na mimi naona hiyo ya pili ndo bidhaa halisi ya Lost Lantern. Maji ya pipani mwenye hela yeyote anaweza kununua, wiki hii hii. Dalali ana orodha. Lakini kwenye hiyo orodha utasoma tu jimbo, umri na mchanganyiko wa nafaka, jina halipo na mkataba unakufunga mdomo. Ni sawa na asali ya Tabora inayofika Dar kwenye ndoo bila kujulikana ya mfugaji yupi, tamu ni tamu, ila mfugaji bora na mfugaji mchafu wanalipwa bei moja. Jina likiwepo kiwanda kibovu kinaogopa kuuza pipa baya, maana aibu itamrudia, na mjazaji anaogopa kuchagua pipa baya, maana lebo ina majina mawili. Wote wawili wameweka shingo.

Na hapa pia ndo pana udhaifu. Mfumo mzima unasimama juu ya hiari ya mwenye kiwanda. Siku bosi akibadilika, basi. Balcones ilinunuliwa na Diageo 2022, na kampuni kubwa kama hiyo huwa haihitaji kuuza pipa mojamoja kwa watu wa Vermont, sisemi walikataa, nasema sababu ya kukubali inapungua. Hata Uskoti kwenyewe, Gordon & MacPhail walitangaza 2023 kwamba kuanzia 2024 wanaacha kujaza mapipa mapya kwenye viwanda vya wengine na nguvu zao wanazielekeza kwenye viwanda vyao viwili, Benromach na The Cairn. Ukisikia aliyefanya kazi hii tangu 1895 anaona usalama uko kwenye kuwa na mtambo wako, inabidi ufikirie.

Kuna na suala la kanuni mpya. Desemba 2024 serikali ya shirikisho ikatoa rasmi maana ya single malt ya Marekani, ikaanza kutumika Januari 19, 2025: kimea cha shayiri asilimia 100, ipikwe na kuzeekea Marekani, pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, na yote ipikwe kwenye kiwanda kimoja. Kwa wajazaji huru hii ni habari njema kwa pipa mojamoja, kwa sababu mteja sasa anajua anachonunua. Kwa ule mchanganyiko wa viwanda sita haiwasaidii, vimekuwa sita, kwa hiyo neno single halipo, na muuzaji dukani itabidi amweleze mteja kwa nini kitu kisichoitwa single kinauzwa ghali kuliko kinachoitwa hivyo. Kila la heri.

Kubwa zaidi lakini ni wingi wa mzigo. Miaka ya karibuni Marekani walijaza mapipa kama vile kiu haitaisha, Kentucky peke yake yamelala zaidi ya milioni 14, halafu unywaji ukapungua. Kampuni kubwa ya wiski Brown-Forman ikatangaza Januari 2025 kufunga karakana yao ya mapipa Louisville, na Desemba 2025 Jim Beam wakasema kiwanda kikuu cha Clermont hakitapika mwaka 2026. Kwa mjazaji asiye na mtambo unaweza kusema hii ni neema, mapipa yatashuka bei. Mimi naona nusu neema. Bei ikishuka itashuka kwa wote, hata kwa wale wa kubuni mababu, na mnywaji mwenye hela ndogo ataona chupa ya wiski ya miaka mitano kwa dola 35 imekaa pembeni ya yako ya 100. Hapo utahitaji jina lililo kwenye lebo liwe linamwambia kitu.

Na majina yenyewe yanatikisika. Westward wa Portland, mmoja wa wale sita, Aprili 2025 waliomba mahakama iwakinge na wadai ili wajipange upya. Hawako peke yao. Kiwanda kinapofika hapo mapipa ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo wadai wanavitolea macho, na anayeyanunua kwa kawaida anapata wiski bila jina, chapa ni mali nyingine kwenye orodha nyingine. Aliyenunua mapipa mapema kwa mkataba ulioandika wazi kwamba jina linaruhusiwa kutajwa, yake inabaki ilivyo. Pale Uskoti Port Ellen ilipofungwa 1983, sehemu nzuri ya chupa zilizokuja kugombaniwa baadaye zilitoka kwenye mapipa yaliyokuwa yamelala kwa wajazaji huru. Kwa hiyo mimi ningekuwa mnunuzi wa mapipa Marekani mwaka huu, ningesoma kipengele cha jina kabla hata ya kuomba kuonja.